Gunia la Watasema

Siku Watasema aliporudi kutoka mafunzoni tulimpokea kama mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Wanangu walifagia banda, mke wangu akatoa viti nje ili majirani nao waone. Mkufunzi alimshusha kwenye bajaji, akavuta mnyororo mara moja, akasema, "Siti!" Watasema akakaa. "Dauni!" Akalala. "Stei!" Mkufunzi akahesabu hatua ishirini, akampa mgongo, akawasha sigara, na mbwa hakutikisa hata sikio. Watu wakapiga makofi. Nikalipa salio la laki nne na nusu tuliyopatana, nikamsindikiza mkufunzi mpaka barabarani, nikarudi nimetanua kifua.

"Siti," nikasema.

Watasema akatazama geti.

"Siti!" Nikarudia kwa ile sauti ninayowatolea watoto wa madawati ya nyuma. Akaendelea kutazama geti, masikio yamelala, kama abiria aliyeachwa na basi. Mlinzi wetu, mzee asiyependa kuona mtu mzima akiaibika, akajifanya anatafuta kitu chini ya mwembe.

Jina hilo alipewa na mama mkwe wangu. Wazee wetu wana desturi ya kumtumia mbwa kufikisha salamu kwa jirani asiyesemeka: utasikia mtu anaita Sijali, au Mtachoka, na anayehusika anajua. Tulipohamia Kihonda, hapa Morogoro, nyumba haijaisha hata kupigwa lipu, maneno yalikuwa mengi, ndipo mama mkwe akaamua mbwa wa kwanza wa nyumba ile aitwe Watasema. Baba yake alikuwa German Shepherd, mama yake mbwa wa kienyeji wa mtaa wa pili. Alitujia akiwa na miezi saba, wiki chache baada ya wezi kuruka ukuta na kung'oa pampu ya maji. Ile pampu ndiyo iliyoniponza. Nilimtafuta mkufunzi nikiwa na hasira, na mtu mwenye hasira haulizi maswali. Nilimwambia jambo moja tu: nataka mbwa mkali.

Akasema wiki sita, mbwa anakaa kwake. Nikauliza kama naweza kwenda kumwona katikati. "Mwalimu, mbwa akimwona mwenyewe anadeka. Njoo siku ya mwisho." Nikaona ana hoja. Hata mimi nimewahi kuwaambia hivyo wazazi wa watoto wa bweni.

Wiki ya kwanza tuligundua kwamba Watasema ana utii wa mahali pamoja na mtu mmoja, na vyote viwili havipo kwetu. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mbwa halibebi neno kichwani kama sisi, akaenda nalo popote. Analishika neno pamoja na uwanja, sauti, harufu ya anayelisema, hata uzito wa mnyororo shingoni. Ukimhamisha, sehemu kubwa ya somo inabaki kule alikotoka. Mtu wa kumfundisha upya unakuwa wewe, ambaye hukuwapo darasani hata siku moja.

Wiki ya pili mke wangu alinyoosha mkono kuanika shuka. Watasema, aliyekuwa amejilaza hatua tatu kutoka kwenye kamba, akajibwaga tumbo chini na kujikojolea. Mke wangu aliteremsha mkono polepole, akanitazama, hakusema kitu. Nilitamani aseme.

Lililomfurahisha mlinzi ni kwamba mbwa alikuwa ameacha kunguruma. Zamani ukipita karibu na bakuli lake alitoa mngurumo mzito wa kifuani. Sasa hakuna. "Ana adabu huyu," mzee akasema. Wiki ya tatu kijana anayetuletea maziwa akainama kuweka kidumu mahali pake pa kila siku, karibu na lile bakuli. Watasema hakunguruma, hakuonyesha meno. Alimng'ata mkono akauachia, kisha akakimbilia nyuma ya banda akitetemeka kuliko aliyeng'atwa.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, natazama saa, maana hilo ndilo la kwanza kwa yeyote aliyeng'atwa, kabla hata ya kuita bodaboda ya kwenda hospitali. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nilikuwa nayo na ilikuwa hai. Hata hivyo kijana alichomwa sindano, na mbwa akafungiwa siku kumi chini ya uangalizi. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipa chai, jambo lililonitia haya zaidi kuliko kama angenifukuza. Kijana mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, alirudia neno lile lile: "Mwalimu, hakunguruma. Angenguruma ningeondoka."

Sentensi hiyo nimeitafakari kuliko vitabu vyote vya mbwa nilivyokuja kusoma. Mbwa anayenguruma anasema: nina hofu, sogea. Ukimchapa kwa kunguruma, hofu inabaki palepale, kinachoondoka ni taarifa.

Na mimi, kwa aibu yangu, ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka namchora ubaoni mbwa wa Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula. Naeleza jinsi kitu kisicho na maana, kikifuatana mara nyingi na kitu chenye maana, kinavyoanza kutoa mate mdomoni. Wanafunzi wanaandika. Kisha natoka darasani nikamlipe mtu amfundishe mbwa wangu kwamba mkono wa binadamu ukiinuka, maumivu yanafuata. Kanuni ni ileile ya Pavlov, na Watasema aliifaulu kwa alama za juu.

Simlaumu sana yule mkufunzi. Alinipa nilichoagiza, na alifanya kama alivyofundishwa. Njia yake ina ukoo mrefu: Mjerumani Konrad Most alichapisha mwongozo wake wa kufunza mbwa mwaka 1910, akianzia na mbwa wa polisi, na ule mtindo wa amri kali na mvuto wa shingo ukasambaa duniani pamoja na majeshi. Juu yake ikapachikwa ile hadithi kwamba mbwa ni mbwamwitu mdogo anayewania uchifu, kwa hiyo lazima umwonyeshe nani mkubwa. Mkufunzi wangu aliniambia hivyo kwa uhakika kabisa: ule kwanza yeye ndipo ale, upite mlangoni kwanza, umlaze chali akikaidi. Wazo hilo lilitokana na kuwatazama mbwamwitu wageni kwa wageni waliofungiwa pamoja uani. David Mech, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kulieneza, alikuja kulikana mwenyewe. Mwaka 1999 aliandika kwamba porini kundi la mbwamwitu kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Ukubwa wa baba pale hautokani na kupigana na wanawe. Wafunzaji wengi bado hawajapata habari.

Aliyenigeuza ni msaidizi wa daktari wa mifugo, dada wa makamo aliyekuwa akija kumkagua Watasema katika zile siku kumi. Siku ya nne aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama mbwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, umeshakwenda kuona panya wa SUA?"

Nilikuwa nimewasikia, nani Morogoro hajawasikia. Kwenda sikuwahi. Ndivyo tulivyo na vya kwetu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuvitazama, sisi tunapita na daladala. Nilikusanya wanafunzi wa kidato cha tatu tukaenda.

Panya wenyewe ni panya buku, wale wenye mifuko mashavuni, wanaofikia kilo moja na zaidi. Shirika la APOPO, wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, linawafunza pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na viripuzi mia moja, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Panya wa Morogoro, mwenye nishani ya ushujaa. Wanafunzi wangu walicheka mpaka walipomwona mmoja akifanya kazi.

Walimu wawili walisimama mmoja huku mwingine kule, kamba imenyooshwa katikati yao, panya amevalishwa hatamu ndogo iliyofungwa kwenye kamba ile. Akaenda, pua chini, akageuka, akarudi. Ghafla akasimama na kuparua udongo kwa miguu ya mbele. Papo hapo kikasikika kidude kidogo mkononi mwa mwalimu: tik. Panya akaacha kuparua, akamkimbilia, akapewa kipande cha ndizi. Nilichokitazama ni ule muda kati ya kuparua na tik. Haukuwepo. Sauti ile iliangukia kwenye tendo lenyewe, na panya alijua bila shaka yoyote ni kipi kilichomletea ndizi. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi, na huanza wangali wadogo, wiki chache tu tangu kuzaliwa, kwa kuzoeshwa watu, sauti, magari na udongo wa kila namna.

Mwanafunzi mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa: panya akikosea anachapwa? Yule mwalimu alicheka. Akikosea hapati ndizi, akasema. Kisha akaongeza kwamba panya aliyechapwa atakwepa kuparua, na panya anayekwepa kuparua kwenye shamba la mabomu ni hasara ya miguu ya watu. Nilikuwa na fimbo ofisini kwangu wakati ule. Hilo si la makala hii.

Nikarudi kwa yule dada wa mifugo na swali ambalo ningeanza nalo tangu pampu ilipoibwa: nimpeleke Watasema kwenye mafunzo ya aina gani? Hakunijibu. Alidai kwanza nimwambie mbwa wangu anaharibu nini, saa ngapi, mbele ya nani. Nikasema hatii. Akasema hilo si jibu. Tukakaa na daftari. Tulipomaliza, orodha ilikuwa fupi na haikuwa na neno "mkali" hata mahali pamoja: anaogopa mikono, analinda bakuli, akiitwa haji, na mgeni akiingia anamrukia. Hili la mwisho lilinigusa zaidi kwa sababu ya jirani yetu, Mzee wa nyumba ya kijani, ambaye hupita kwetu akitoka msikitini baada ya Magharibi kuniuliza habari za siku. Pua ya mbwa ikigusa kanzu yake, kwake ni najisi, na kuna kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Alikuwa ameacha kupita. Hakuwahi kulalamika, ndiyo maana nilichelewa kugundua.

Tazama sasa ile orodha uniambie kambi ya wiki sita ingetibu lipi. Bakuli liko kwetu. Geti liko kwetu. Jirani ni wa kwetu. Kambi ina faida zake, sikatai: mtoto wa mbwa anaweza kufundishwa msingi na mtu anayejua, mwenye nyumba akiwa safarini, mradi aruhusiwe kwenda kuona siku yoyote na mradi mwalimu aje nyumbani kumkabidhi somo, si mbwa peke yake. Madarasa ya pamoja, mbwa kadhaa uwanjani na wenyewe, yanawafaa sana wachanga, kwa sababu ya kuzoea wenzao na watu. Watafiti Scott na Fuller walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba dirisha la kuzoea dunia huwa wazi zaidi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Watasema alilipita dirisha hilo akiwa amefungwa chini ya ngazi ya mtu. Kumrusha kwenye darasa la mbwa kumi kungekuwa ukatili mwingine. Kwake ilibaki njia moja, mwalimu wa kuja nyumbani, na yule dada akakubali kuwa yeye: elfu ishirini kwa siku, siku sita, na sharti moja. Watu wote wa nyumba wawepo, mlinzi akiwa wa kwanza.

Nilitarajia amshike mbwa. Siku ya kwanza hakumgusa. Alituuliza kila mmoja tukitaka mbwa akae tunasemaje. Mimi: "Siti." Mke wangu: "Kaa." Mtoto mkubwa: "Kaa chini." Mdogo: "Kaa chini basi, Watasema, jamani." Mlinzi: "Tulia wewe." Dada akaandika yote kwa chaki ukutani, akauliza mbwa ajue lipi. Kisha akauliza tunamwita lini. Tukatazamana. Tulikuwa tukisema "njoo" asubuhi kumfunga mnyororo, jioni kumfunga tena, na Jumamosi kumwogesha. "Hata mimi nisingekuja," akasema.

Mapupu yalichemshwa, yakakatwa vipande vya ukubwa wa harage. Kidude cha tik hatukuwa nacho; akatufundisha kupiga kidoko cha ulimi, ile sauti ambayo bibi zetu walitupigia tukijibu vibaya. Kwa Watasema ikageuka sauti nzuri kuliko zote. Njoo, akija, kidoko, pupu, halafu aachiwe aende zake. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na mnyororo hauonekani. Bakuli lilichukua muda mrefu zaidi. Tulipita mbali nalo, tukitupia kitu kitamu kuliko kilichomo, tukasogea nusu hatua kila baada ya siku mbili tatu, mpaka akawa anainua kichwa kwa furaha akisikia nyayo. Siku moja alinguruma kidogo. Mlinzi akainua mkono kumkemea. Yule dada akaudaka mkono ule hewani. "Mwache aseme, baba. Tulikuwa tunamsubiri aseme."

Mlinzi hakushawishika kwa urahisi, na alikuwa na hoja nzito. Mbwa wa mapupu, alisema, atanunuliwa kwa pupu. Wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, kila mtu anajua. Tulifundisha "acha", tukawaomba walimu wenzangu asiowahi kuwaona watupie vipande vya nyama tukiwa tumesimama pembeni. Aliacha nyama ya ng'ombe. Aliacha kuku. Samaki wa kukaanga alimshinda, na anamshinda mpaka leo, kwa hiyo usiku analala kwenye varanda ya nyuma iliyofungwa wavu, mbali na ukuta. Kubweka kunasikika vizuri tu kutoka pale, na kubweka ndiko kunakomwondoa mwizi wa pampu.

Mafunzo ya kushambulia, yale niliyoyataka mwanzoni, nayaheshimu zaidi sasa kuliko wakati nilipoyataka. Mbwa wa polisi wetu, wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, ana askari wake anayemjua pumzi, ana ratiba, na amefundishwa kuachia kwa neno moja. Sisi tuna mlinzi anayebadilishana zamu na mpwa wake, watoto wanaoacha geti wazi, na fundi bomba anayeingia bila taarifa. Kumweka mbwa wa kung'ata kwenye nyumba ya namna hiyo ni kuning'iniza bunduki kwenye kamba ya nguo.

Watu wakiniuliza siku hizi, na wananiuliza, maana mtaa mzima ulisikia habari za maziwa, nawaambia wamtembelee mkufunzi bila miadi na waangalie mbwa aliye katikati ya somo, si yule wa maonyesho. Mkia umebanwa? Analamba midomo na kupiga miayo wakati hana usingizi? Mkufunzi akisogea, mbwa anamfuata au anajikunja? Halafu waulize: akikosea utamfanyaje? Sikiliza jibu, na tazama mikono wakati anajibu. Anayekataa usione, hata awe na vyeti ukuta mzima, mshukuru uondoke. Anayekuahidi mbwa aliyekwisha kutengenezwa, vilevile.

La geti tuliliacha mwisho. Yule dada alitandika gunia la mkaa kwenye kona ya baraza, akamwagiza mke wangu atoke nje. Mke wangu akabisha, "Hodi!" Kabla Watasema hajaamua la kufanya, pupu likaangukia kwenye gunia. Akalifuata. Kidoko. Pupu jingine. "Hodi!" Gunia, pupu. Tulibisha hodi nyumbani kwetu wenyewe wiki nzima mpaka jirani wa kulia akaja kuuliza kama tumegombana. Baada ya mwezi, neno lilitosha: mtu akisema hodi, Watasema anakwenda kukaa kwenye gunia lake, mgeni anakaribishwa, anaketi, kanzu yake salama. Nilimfuata Mzee wa nyumba ya kijani nikamwomba ajaribu. Alisimama getini muda mrefu, ameshika ncha ya kanzu, akasema hodi kwa sauti ndogo kama anaomba mkopo. Mbwa akainuka, akaenda kwenye gunia. Mzee akaingia, akauliza habari za siku.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumefungulia mchezo wa redio. Ndani ya mchezo mtu akagonga mlango akasema, "Hodi wenyewe!" Watasema, aliyekuwa amelala juani, akafungua jicho moja, akanyanyuka kwa uzito wa uzee, akajikokota mpaka kwenye gunia, akaketi. Akanitazama. Mgeni wa redioni hakuingia, na mimi nikainuka kwenda jikoni kutafuta pupu.